Kwenda Tamasha la Filamu Zanzibar (ZIFF): mambo ya kujua kabla ya kuondoka kambini

Kila mwaka watengenezaji filamu wa Afrika Mashariki hukutana Unguja kwenye Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, linalojulikana kama ZIFF. Vijana wengi wa makambini na wa vijiji vya jirani waliojifunza kupiga na kuhariri video wangependa kufika huko. Makala hii inaeleza hati zinazohitajika ikiwa unaishi Kenya, Uganda au Tanzania, na unachoweza kufanya ikiwa huwezi kusafiri.

ZIFF ni nini?

Ilianzishwa mwaka 1997, na tamasha la kwanza lilifanyika 1998. Huitwa pia Tamasha la Nchi za Majahazi, kwa kuwa lengo lake ni kukutanisha nchi zilizounganishwa na biashara ya Bahari ya Hindi. Kwa miaka mingi maonyesho makubwa yamefanyika usiku katika uwanja wa wazi wa Ngome Kongwe, Mji Mkongwe. Tuzo kuu ni Jahazi la Dhahabu. Mbali na filamu, huwa kuna muziki, warsha na mijadala.

Kwa muda mrefu tamasha lilikuwa likifanyika Julai, lakini tarehe hubadilika. Usilipe nauli kabla tarehe za mwaka huo hazijatangazwa rasmi.

Je, barua ya mwaliko inatosha?

Hapana. Barua husaidia kueleza sababu ya safari, lakini haivuki mpaka kwa niaba yako. Mkimbizi anayevuka mpaka kihalali husafiri kwa Hati ya Kusafiria ya Mkataba, ambayo wengi huiita CTD. Msingi wake ni Ibara ya 28 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Hati hii ni ya mtu aliyekwisha kutambuliwa kuwa mkimbizi. Ikiwa bado ni mwombaji hifadhi, fuatilia kwanza kesi yako.

Ukiwa Kenya

Unahitaji vitu viwili: kibali cha kutoka kambini na CTD. Anzia ofisi ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi (DRS) iliyo karibu nawe. Kusafiri bila kibali kunaweza kukufikisha kituo cha polisi na mahakamani, hata kama mwaliko wako ni wa kweli.

Ukiwa Uganda

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakupa uhuru wa kutembea ndani ya nchi, lakini haikupi ruhusa ya kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha mkimbizi. Maombi ya CTD huanzia Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM). Muulize mkuu wa makazi yenu utaratibu na gharama za sasa.

Ukiwa Tanzania

Zanzibar ni sehemu ya Tanzania, kwa hiyo huhitaji CTD wala viza. Unachohitaji ni kibali cha kutoka kambini, na anayekitoa ni mkuu wa kambi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Kwa kawaida vibali hutolewa kwa sababu maalumu, kama matibabu au masomo, hivyo usijipe uhakika mapema. Ukikata tiketi ya boti Dar es Salaam utaombwa kitambulisho.

Viza ya kuingia Tanzania

Kuishi Kenya au Uganda hakukufanyi uhesabiwe kama raia wa nchi hiyo mpakani. Kwa wenye hadhi ya ukimbizi, maombi ya viza ya Tanzania hupelekwa kwanza kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji yapate idhini. Usisafiri ukitarajia kupewa viza mpakani. Anza miezi kadhaa kabla.

Angalia njia unayopita

CTD haitumiki kuingia nchi uliyoikimbia, na kuingia huko kunaweza kuhatarisha usalama wako na hadhi yako. Baadhi ya mabasi na ndege kutoka Uganda hupitia Kigali. Mkimbizi kutoka Rwanda aulize njia yote kabla ya kulipa. Kwa basi, njia ya Mutukula huingia Tanzania moja kwa moja kutoka Uganda.

Kabla ya kuondoka, hakikisha:

- CTD na kibali vitakuwa hai hadi siku utakayorudi, si siku ya kufika tu.
- Una kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Hakuna zoezi la uhakiki, mahojiano au mgao utakaokupita. Kama lipo, ijulishe ofisi husika kwa maandishi.
- Umeacha nakala za hati zako kwa mtu unayemwamini.

Kwa wenyeji

Raia wa Kenya na Uganda hawahitaji viza, lakini kitambulisho cha taifa pekee hakitoshi kuingia Tanzania. Chukua pasipoti, au uulize Uhamiaji kuhusu hati ya muda ya kusafiria. Mkitengeneza filamu pamoja na wakimbizi, kumbukeni kwamba hati zenu zitatoka haraka kuliko za wenzenu. Pangeni ratiba kwa kumfuata anayechelewa.

Kama huwezi kusafiri

Filamu yako inaweza kwenda bila wewe. Kuituma hakukulazimu kuwa na CTD, na ikichaguliwa unaweza kumwomba mwenzako aisemee ukumbini. Kabla ya kuituma, pata ridhaa ya kila anayeonekana. Mweleze kwamba itatazamwa nje ya kambi, pengine hata na watu wa nchi aliyoikimbia. Aliyekubali kurekodiwa kwa maonyesho ya kambini hajakubali hilo. Ficha sura, sauti na majina ya walio hatarini.

Kwa walio Kakuma na Dadaab, ulizeni pia kuhusu mafunzo na maonyesho ya FilmAid, shirika ambalo limefanya kazi ya filamu katika kambi hizo kwa miaka mingi.

Jihadhari na matapeli

Hakuna wakala anayeweza kukuuzia CTD, kibali au nafasi ya tamasha. Huduma za UNHCR ni bure. Pale ambapo serikali inatoza ada, lipa ofisini na udai risiti. Hati ya kununua inaweza kukamatwa mpakani, na wewe pamoja nayo.