Herufi Mbili za Niue

Hebu chukua ramani ya dunia. Weka kidole juu ya New Zealand, kisha kisogeze kaskazini mashariki, juu ya maji matupu, kiasi cha kilomita 2,400. Ukibahatika utakutana na kidoa kinachoitwa Niue. Ni mwamba wa matumbawe wenye kilomita za mraba zipatazo 260, na wakazi wake hawafiki 2,000. Zipo shule za msingi Dar es Salaam zenye watoto wengi kuliko hao. Waniue wengi walikwishahamia New Zealand, nchi ambayo wanashirikiana nayo tangu walipoanza kujitawala mwaka 1974.

Sasa ajabu ni hii. Kwa miaka mingi, maelfu kwa maelfu ya anwani za intaneti kule Sweden, upande wa pili kabisa wa dunia, zimekuwa zikiishia na herufi mbili za kisiwa hicho: .nu. Waswidi hawana undugu na Waniue. Ni kwamba kwa Kiswidi neno "nu" maana yake ni "sasa". Wadeni na Waholanzi nao ni hivyo hivyo. Fikiria wewe una duka, halafu anwani yako inamwambia mteja "sasa"! Tena Waswidi walikuwa na sababu ya pili. Mpaka mwaka 2003 masharti ya kupata herufi zao wenyewe, .se, yalikuwa makali. Mtu wa kawaida alikuwa akigonga mwamba. Kwenye .nu ulilipa, ukapewa.

Swali ni moja tu: fedha hizo zilikuwa zikienda kwa nani?

Turudi nyuma kidogo. Zama hizo mgawaji wa herufi alikuwa mzee mmoja mwenye ndevu, Jon Postel, mtaalamu wa kompyuta huko California. Postel hakutaka ugomvi wa nani ni nchi na nani si nchi. Akachukua orodha iliyokwishatengenezwa na Shirika la Kimataifa la Viwango, akasema yaliyomo humo ndiyo hayo hayo. Niue ilikuwamo. Machi 1994 akatoa waraka wa kanuni: msimamizi wa herufi za nchi ni mdhamini tu, anawatumikia watu wa nchi ile na watumiaji wa intaneti kwa jumla, habari za haki na umiliki ziwekwe kando.

Maneno matamu hayo. Lakini waraka haukusema kwamba mwombaji lazima awe serikali. Aliyewahi ndiye aliyepewa, na ili uwahi ilibidi kwanza ujue kwamba kuna kitu kinagawiwa. Tusiwacheke Waniue. Hata .ke ya Kenya ilianza mwaka 1993 mikononi mwa wataalamu wachache, ikaja kukabidhiwa KENIC mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mwaka 1997 aliyewahi .nu alikuwa Bill Semich, Mmarekani wa Massachusetts. Makubaliano ni kwamba yeye na taasisi yake, IUSN, watauza anwani, na sehemu ya mapato itawaletea Waniue intaneti ya bure. Tusimnyime haki yake: intaneti ilifika kweli, na mwaka 2003 ikatangazwa kwamba kisiwa kizima kitakuwa na wi-fi ya bure, wakati miji mikubwa ya Ulaya ilikuwa bado inalipia. Magazeti yakashangilia. Mimi shangwe hizo zinanipa shida. Mtu akikodisha shamba lako bila kukuuliza, halafu kila msimu akakuletea kikapu cha mahindi, utamwita mfadhili?

Hebu linganisha na jirani zao wa Tuvalu, ambao ni wachache vilevile, watu wapatao 11,000, na ardhi yao yote ni kilomita za mraba 26. Wao orodha iliwaangushia .tv, na dunia nzima inajua televisheni ni nini. Tuvalu walikuwa wameshazoea kuuza vitu visivyoshikika: stempu, hata namba za simu za nchi yao, 688, zilizokodishwa kwa biashara ya simu za ngono za watu wa mbali, mpaka waumini wa kisiwani wakachukia. Dili la kwanza la .tv, la mwaka 1998 na kampuni ya Toronto, lilikwama. La pili likajibu: kampuni ya California iliahidi dola milioni 50 kwa miaka kama 12. Kwa mshiko huo Tuvalu ikamudu gharama za kuingia Umoja wa Mataifa, Septemba 2000, mwanachama wa 189. Barabara za Funafuti zikapata lami.

Sisemi Tuvalu walikula kuku kwa mrija. Baadaye mawaziri wao walilalamika kwamba wanapunjwa. Lakini aliyelalamika alikuwa na mkataba mkononi, na mkataba ulipoisha wakamtafuta mnunuzi mwingine aliyelipa zaidi. Niue hawakuwa na karatasi ya namna hiyo.

Walijaribu. Mwaka 2000 bunge lao lilipitisha sheria kwamba .nu ni rasilimali ya taifa, na mwenye kauli juu yake ni serikali. Sheria ilikuwa halali kabisa pale Alofi, mji mkuu. Ila kitufe chenyewe hakikuwa Alofi. Kilikuwa Marekani, na mwaka 2013 uendeshaji ukahamia kwa taasisi ya Sweden, ile ile inayosimamia .se. Waniue wakasikia herufi zao zimehama kutoka bara moja kwenda lingine, bila kupita kwao.

Novemba 2018 serikali ya Niue ikafungua kesi Stockholm, ikidai irudishiwe herufi pamoja na mapato. Waziri mkuu wao, Toke Talagi, hakumung'unya maneno. Kwake huo ulikuwa ukoloni mamboleo. Wanasheria wakaanza kubishana kama herufi mbili zinaweza kuwa mali ya mtu, jambo lile lile ambalo Postel alisema liwekwe kando. Talagi alifariki Julai 2020. Kesi ilikuwa bado mahakamani.