Kunguni Kitengela na Kajiado: aibu na sumu zinatudhuru kuliko kuumwa

Vijana wetu wengi wa Pwani wako bara kutafuta riziki, na baadhi yao wamepanga Kitengela na mji wa Kajiado. Huko nyumba za kupangisha zimeshikana ukuta kwa ukuta, wapangaji huhama kila mara, na vitanda na makochi yaliyokwisha kutumiwa hununuliwa bila kukaguliwa. Hapo ndipo kunguni anaposhamiri. Hachagui tajiri wala maskini. Mwaka 2023 jiji la Paris lilitaharuki kwa ajili yake.

Kunguni mkubwa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, na mwili wake ni bapa, ndiyo maana huingia kwenye mishono ya godoro, maungio ya kitanda na nyufa za ukuta. Jike hutaga mayai kila siku, nayo huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Mtoto huambua ngozi mara 5, na kila mara ni lazima anywe damu kwanza. Akikosa damu, kunguni mzima huweza kuishi miezi kadhaa. Kufunga chumba wiki mbili basi ni kazi bure.

Je, huleta maradhi? Haijathibitika kwamba kunguni humwambukiza binadamu ukimwi, malaria wala homa ya ini. Madhara yake ni mengine. Ngozi huwasha na kuvimba, mtu akajikuna hadi kidonda, na kidonda kikaingia vijidudu. Baadhi ya watu hupata mzio mkali. Wakizidi sana, mtoto au mzee dhaifu anaweza kupungukiwa damu. Na kuna usingizi: asiyelala huamka na hasira na wasiwasi, na kazini au shuleni hafanyi la maana.

Juu ya hayo kuna aibu. Mpangaji hunyamaza asichekwe, kunguni wakapita ukutani hadi kwa jirani. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Ninaloliogopa zaidi ni dawa tunazojitibia nazo. Wapo wanaomwaga mafuta ya taa kwenye godoro, na moto ukashika. Wapo wanaonunua sumu za shambani zilizopimwa katika chupa zisizo na nembo, wakanyunyiza kitandani anapolala mtoto mchanga. Sumu hiyo huingia kwa pumzi na kwa ngozi, na vidonge vya kufukizia nafaka hutoa gesi inayoua. Kunguni mwenyewe huenda asife: wengi wamekwisha kuzoea dawa za pairethroidi, zilizoiga sumu ya ua la pareto, kama walivyoizoea DDT miaka ya 1940.

Joto ndilo linalomshinda. Fua shuka, foronya na nguo kwa maji ya nyuzi 60, au mwagia maji ya moto zile zinazostahimili. Najua Kitengela maji ni ya kununua, basi anza na matandiko. Jua peke yake halitoshi, kwani hukimbilia upande wenye kivuli. Fungua kitanda chote, mwaga maji yanayochemka kwenye maungio, ziba nyufa, kisha rudia kila wiki mpaka mayai yaishe. Usihamie chumba kingine, atakufuata.

Ikibidi dawa, chukua iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, nembo isomeke, au mwite fundi mwenye leseni. Rai yangu kwa wenye nyumba: pigeni dawa jengo zima kwa siku moja. Chumba kimoja kikiachwa, pesa zimepotea. Nawe kijana unayerudi Mombasa, Malindi au Lamu kwa sikukuu, kagua begi lako kabla ya kupanda basi. Mama yako anakungojea wewe, si kunguni.