Jumba la Penshurst: Historia na Shairi Lililoificha

Tangu Ben Jonson alipochapisha shairi lake "To Penshurst" mwaka 1616, aghalabu jumba hilo la Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, limechukuliwa kuwa kielelezo cha maisha ya kale yenye utu: mwenyeji mkarimu, mpangaji mwenye shukrani na ardhi isiyonyima. Makala haya yanashikilia kwamba historia ya jumba lenyewe inaikanusha taswira hiyo.

Kwanza, ukale anaousifu Jonson ulianza kwa fedha mpya. Sir John de Pulteney, aliyepewa idhini ya kifalme ya kulijengea ngome mwaka 1341, alikuwa mfanyabiashara aliyepata kuwa meya wa London mara nne. Ukumbi wake mkuu, wenye paa la mbao za chesnati na meko katikati ya sakafu, ungali umesimama.

Pili, Jonson anadai kuwa kuta hizo zilijengwa bila kumwangamiza mtu. Hata kama dai hilo lina ukweli kuhusu mawe, halina ukweli kuhusu umiliki. Edward Stafford, Duke wa Buckingham, aliyelimiliki jumba hilo, alikatwa kichwa mwaka 1521 kwa kosa la uhaini, na mali yake ikatwaliwa na Mfalme Henry VIII. Mwaka 1552, Edward VI alimtunukia Sir William Sidney jumba hilo. Kwa hivyo, shairi lilipotungwa, ukoo wa Sidney ulikuwa umekaa hapo kwa takriban miaka 60 tu. Sifa za mshairi Philip Sidney, aliyezaliwa humo mwaka 1554, ziliusaidia ukoo huo kuonekana kama wenyeji wa tangu jadi.

Tatu, shairi linaficha kazi. Samaki hujitosa wavuni kwa hiari yao na kwale hujitolea kuuawa. Raymond Williams, katika The Country and the City (1973), alibainisha kuwa mbinu hii humfuta mvuja jasho: ardhi hujizalishia yenyewe, naye mzalishaji haonekani. Wapangaji wanapojitokeza, hubeba zawadi, kodi haitajwi. Wala hayatajwi madeni yaliyomwandama Robert Sidney, bwana wa jumba anayesifiwa.

Haya yote hayaupunguzi ufundi wa Jonson. Yanadhihirisha kuwa ushairi wa sifa, hata unapozungumzia mawe na miti, hutetea haki ya mwenye mali. Hivyo, uhakiki unaoishia kwenye ufasaha wake hushiriki katika utetezi huo.