Kunyoosha Gari Lililogongwa: Historia ya Ufundi wa Chesisi, Sasipensheni na Bodi

Ufundi wa kutengeneza gari lililogongwa una kazi tatu zinazotegemeana: kurudisha chesisi kwenye vipimo vyake, kurekebisha sasipensheni ili magurudumu yakae yanavyotakiwa, na kunyoosha bodi hadi ipokee rangi upya. Zamani kazi hizi zilikuwa za watu tofauti, na kila moja ilijitegemea. Kadiri namna ya kuunda magari ilivyobadilika, zilisogeleana hadi zikawa kazi moja, na fundi akalazimika kuacha kuamini macho na kuanza kuamini vipimo. Sababu ni kwamba nguvu ya mgongano, hata mdogo, haikomi pale bati lilipobonyea.

Enzi ya fremu na mhunzi

Magari ya mwanzo yalijengwa juu ya fremu: mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukatiza, mfano wa ngazi. Injini, ekseli na springi vilifungwa kwenye fremu hiyo, na bodi ikakaa juu yake kwa bolti. Ford Model T, lililotoka mwaka 1908 na kutengenezwa hadi 1927 kwa idadi iliyopita milioni 15, liliundwa hivyo. Lilikuwa na springi moja iliyolala kwa upana mbele na nyingine nyuma, na ekseli iliyounganisha magurudumu ya pande zote mbili.

Gari la namna hiyo likigonga kisiki au likiingia mtaroni, kilichopinda kwa kawaida kilikuwa ekseli, springi au ncha ya fremu. Mhunzi alikuwa na kila alichohitaji: moto, fuawe, koleo na nyundo. Chuma kilipashwa hadi kikawa chekundu, kikafuliwa, kikanyooka. Kwa kuwa chuma cha fremu kilikuwa kinene na laini, hakikudhurika sana kwa moto.

Bodi ilikuwa na watu wake. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kiunzi cha mbao kilichofunikwa mabati, na walioitengeneza walikuwa maseremala na wafua bati waliorithi ujuzi kutoka kwa waunda magari ya farasi. Hali hiyo ilianza kugeuka pale Edward G. Budd alipofungua kiwanda chake Philadelphia mwaka 1912 na kuanza kutengeneza bodi za chuma kitupu kwa mashine za kukandamiza bati. Kampuni ya Dodge ilikuwa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo, na katika miaka ya 1920 Citroën ya Ufaransa ikachukua mbinu hiyo hiyo. Mbao zilipoondoka, seremala naye akaondoka. Bodi ikabaki mikononi mwa fundi wa bati peke yake.

Nyundo, kinga na moto

Bati lililobonyea halirudi kwa kupigwa ovyo. Fundi hushika nyundo yenye uso laini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili hukinga upande wa ndani kwa kipande kizito cha chuma kinacholingana na mviringo wa sehemu anayoinyoosha. Mapigo ni ya aina mbili. La kwanza hutua juu ya kinga yenyewe: bati hubanwa katikati, likalainika na kutanuka kidogo. La pili hutua kando ya kinga: nyundo hushusha kilichoinuka, na kinga huinua kilichozama. Fundi mzoefu hutofautisha mapigo hayo kwa sikio, maana linalotua juu ya kinga hutoa mlio mkali, na linalotua pembeni hutoa mlio mzito.

Kazi haianzii pale palipozama zaidi. Huanzia kwenye makunjo ya pembeni, yaliyojitokeza mwisho wakati wa kugongwa, kisha fundi anasogea ndani kidogo kidogo. Akianza katikati, atalitanua bati, na bati lililotanuka hubaki likidunda kwa ndani na nje kila likibonyezwa. Dawa yake ni moto: sehemu ndogo yenye upana wa sarafu hupashwa kwa gesi hadi iwe nyekundu, ikagongwa polepole, kisha ikapozwa kwa kitambaa kilicholowa. Bati hujikusanya na kukaza.

Gesi yenyewe, mchanganyiko wa oksijeni na asetilini, iliingia katika karakana baada ya Wafaransa Edmond Fouché na Charles Picard kutengeneza tochi yake ya kuchomelea mwanzoni mwa karne ya 20. Iliwawezesha mafundi kuunga bati lililochanika bila ribiti. Mashimo madogo yaliyobaki baada ya nyundo yalijazwa risasi iliyoyeyushwa na kusawazishwa kwa tupa. Kazi ya risasi ilidumu miaka mingi, lakini vumbi lake lilikuwa sumu kwa aliyelivuta. Katika miaka ya 1950 ikaja puti ya resini iliyochanganywa na unga laini wa jiwe, ambayo hukauka kwa dakika chache na kusuguliwa kwa msasa. Puti iliharakisha kazi, ikaleta pia ubaya wake: fundi mvivu aliweza kuficha mbonyeo mzima chini yake bila kuunyoosha.

Rangi nayo ilikuwa na mapinduzi yake. Rangi za zamani zilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na gari lilikaa majuma kadhaa likisubiri kukauka. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa Duco, rangi iliyopulizwa kwa mashine ya upepo na kukauka haraka. Tangu hapo gari lililokwaruzwa liliweza kutoka gereji baada ya siku chache, na kunyoosha bodi kukawa biashara ya kujitegemea.

Timazi na chaki

Fremu iliyogongwa mbele upande mmoja mara nyingi haionekani imepinda. Mhimili mmoja husogea nyuma kuliko mwenzake, na fremu iliyokuwa mstatili ikaegemea upande. Gari hilo litatembea, lakini litavuta upande na tairi zitaliwa kabla ya wakati.

Njia ya zamani ya kugundua kasoro hiyo haihitaji mashine. Gari huwekwa juu ya sakafu iliyosawazika, na timazi huteremshwa kutoka kwenye tundu au bolti za fremu zinazolingana kushoto na kulia. Kila inapogusa ncha ya timazi, sakafu hutiwa alama ya chaki. Gari likisogezwa, hubaki ramani ya fremu sakafuni. Fundi huvuta uzi kutoka alama ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Nyuzi mbili zikiwa na urefu sawa, fremu haijaegemea. Zikitofautiana, imeegemea, na tofauti yenyewe huonyesha upande wa kuvutwa.

Kuvuta kulifanywa kwa minyororo na jeki. Fremu ilifungwa sakafuni kwa nyuma, ikavutwa mbele kinyume na mwelekeo wa pigo, ikapitishwa kidogo mahali pake kwa sababu chuma hurudi nyuma kikiachiliwa. Kanuni iliyojengeka ikawa kwamba kilichopinda mwisho hunyooshwa kwanza, na kilichopinda kwanza hunyooshwa mwisho.

Magurudumu yanapojitegemea

Ekseli moja iliyounganisha magurudumu ya mbele ilikuwa ngumu kuharibika, lakini gurudumu moja likiingia shimoni, la pili nalo liliinama. Lancia Lambda, lililoonyeshwa mwaka 1922, lilikuwa miongoni mwa magari ya mwanzo kuyapa magurudumu ya mbele uhuru wa kupanda na kushuka kila moja kwa nafasi yake. General Motors ilifuata kwa wingi katika magari yake ya 1934.

Uhuru huo uliongeza mikono, bushi na viungo vya mpira wa chuma, na kila kimoja kikawa mahali pa kupinda au kulegea. Fundi alilazimika kujua pembe tatu: mwinamo wa gurudumu likitazamwa kutoka mbele, mlalo wa mhimili wa usukani ukitazamwa kutoka ubavuni, na tofauti ya nafasi kati ya tairi mbili za mbele, mbele na nyuma yake. Milimita chache za makosa katika hiyo ya tatu zatosha kula tairi mpya kwa muda mfupi.

Bodi na chesisi vinapokuwa kitu kimoja

Lambda lilikuwa na jambo jingine zito zaidi: halikuwa na fremu ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo iliyobeba mzigo. Citroën Traction Avant la 1934 lilieneza wazo hilo kwa bodi ya chuma iliyochomelewa, na baada ya Vita Kuu ya Pili likawa la kawaida kwa magari madogo. Kisha Earle MacPherson wa kampuni ya Ford akabuni sasipensheni iliyounganisha springi na shokapu katika nguzo moja, ambayo kichwa chake hufungwa moja kwa moja kwenye bodi, chini ya boneti. Ilionekana katika Ford Consul na Zephyr za Uingereza zilizotangazwa mwaka 1950, na leo ndiyo iliyo mbele ya magari mengi madogo.

Hapo ndipo kazi tatu zilipoungana. Kichwa cha nguzo kikisogea kwa sababu bati lililo chini ya boneti limekunjika, mwinamo wa gurudumu hubadilika hata kama kila kipande cha sasipensheni ni kipya. Pembe hizo haziwezi kurekebishwa ipasavyo kabla bodi haijarudi mahali pake.

Karakana zilijibu kwa kubuni vitanda vya chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Germain Celette, fundi wa Vienne huko Ufaransa, alianza kutengeneza kitanda chenye vishikizo vilivyokatwa kwa vipimo vya kila aina ya gari. Gari likikaa juu yake na kila bolti ikaingia tundu lake, limenyooka. Lisipokaa, bado. Wakati huo huo Béla Barényi wa Mercedes-Benz alikuwa akibuni gari ambalo mbele na nyuma hukunjika kwa makusudi ili kulinda chumba cha abiria, wazo lililoonekana katika magari ya kampuni hiyo ya mwaka 1959. Kuanzia hapo, fundi alitakiwa kurudisha pia uwezo wa bodi wa kukunjika inavyopaswa katika ajali nyingine, zaidi ya umbo lake.

Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki ufundi huu uliota kwenye reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta wafanyakazi kama 32,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Miongoni mwao walikuwamo wahunzi na maseremala wa Punjab, na baadhi yao na wazao wao wakafungua karakana Nairobi na miji mingine. Waafrika waliingia humo kama vibarua na wasaidizi, wakajifunza kwa kutazama na kushika. Serikali ya kikoloni ilifungua chuo cha ufundi Kabete mwaka 1924, lakini gereji ndiyo iliyobaki shule ya walio wengi.

Magari ya miaka iliyofuata yalilipa uvumilivu. Land Rover la 1948 lilikuwa na chesisi ya chuma na mabati ya aluminiamu yaliyofungwa kwa bolti, hivyo lililobonyea lilifunguliwa na kunyooshwa likiwa nje ya gari. Volkswagen nalo lilikuwa na madigadi za bolti. Peugeot 404, lililotoka 1960, lilikuwa tayari na bodi isiyo na fremu na nguzo za MacPherson mbele. Mbio za Safari, zilizoanza 1953, ziliweka wazi uimara na udhaifu wa kila moja, na 404 likashinda mwaka 1963 na mara tatu mfululizo kuanzia 1966. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyekulia katika ufundi wa gereji, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo.

Baada ya uhuru, mafundi Waafrika waliotoka katika gereji hizo walianza kazi zao wenyewe viwanjani na kando ya barabara. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya iliwatambua kama sehemu yenye tija ya uchumi, na jina lao la jua kali likawa la heshima serikalini katika miaka ya 1980. Tanzania ilianzisha shirika la SIDO mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo. Barabara ya Kirinyaga Nairobi, Gerezani Dar es Salaam na Katwe Kampala yakawa makao ya ufundi na vipuri.

Biashara ilipolegezwa, Tanzania kuanzia katikati ya miaka ya 1980 na Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika kutoka Japani yalijaa. Karibu yote madogo yalikuwa ya bodi moja yenye nguzo mbele. Pamoja nayo zikaja sehemu nzima za mbele zilizokatwa kutoka magari ya huko. Fundi aliweza kuchomelea ubavu mzima badala ya kunyoosha uliovunjika, kazi inayofaa ikiwa mishono imefuatwa na vipimo vya mkingamo vimehakikiwa, na ya hatari ikiwa macho peke yake ndiyo yaliyopima.

Chuma kigumu na vihisi

Upungufu wa mafuta wa mwaka 1973 uliwasukuma watengenezaji kupunguza uzito, wakageukia chuma chembamba chenye nguvu kubwa. Chuma hicho hupoteza nguvu kikipashwa moto mkali, kwa hiyo gesi, iliyokuwa rafiki wa fundi kwa miaka 70, iliondolewa katika nguzo na mihimili. Mahali pake pakachukuliwa na uchomeleaji wa waya unaopasha sehemu ndogo tu. Chuma kigumu zaidi, kinachotumika katika nguzo za milango, hakinyooshwi kabisa: hukatwa kwenye mshono wa kiwandani na kubadilishwa. Elimu hiyo ilienezwa na taasisi kama Thatcham ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1969, na I-CAR ya Marekani, iliyoundwa mwaka 1979.

Tangu miaka ya 2010 magari mengi mapya yana kamera kwenye kioo cha mbele na rada nyuma ya bampa, ambazo husaidia gari kufunga breki lenyewe. Bampa ikisogea kidogo, rada hutazama pembeni, na tabaka nene la puti au rangi mbele yake huweza kuizuia kuona. Kwa gari la namna hiyo, mgongano wa mwendo mdogo uliokwaruza rangi tu unaweza kudai hatua zile zile za mgongano mkubwa: kupima chesisi, kukagua sasipensheni, kunyoosha au kubadilisha bati, kupanga magurudumu, kisha kuviweka vihisi sawa, kwa mpangilio huo, maana kila hatua husimama juu ya ile iliyotangulia.