Kutoka Daftari la Madeni Mpaka Simu: Historia Fupi ya Programu za Biashara Ndogo

 Siku hizi tunaulizana sana kwenye kikundi: programu gani ni nzuri kwa duka? Huyu anataja hii, yule anataja ile. Mimi naona kabla ya kuchagua tujue kwanza hizi programu zilitoka wapi, na zilitengenezwa kwa ajili ya nani. Ukijua hiyo utaelewa kwa nini nyingine zinatufaa na nyingine zinatuacha nje.

Tuanze mbali kidogo. Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, kule Mesopotamia, nchi ambayo sehemu kubwa leo ni Iraki, watu walikuwa wanaandika kwenye vibao vya udongo. Vibao vingi vya mwanzo kabisa ni hesabu: nafaka kiasi gani, mifugo mingapi, nani amepewa nini. Kwa hiyo mama anayeandika madeni ya sukari kwenye daftari, au kaye kama tunavyosema sisi tuliotoka Kongo, anafanya kazi ya zamani kuliko vitabu.

Mwaka 1494 mtawa wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha kitabu cha hesabu mjini Venice. Humo alieleza jinsi wafanyabiashara wa mji huo walivyoandika kila jambo mara mbili. Ukinunua gunia la unga kwa pesa taslimu, unga umeingia, pesa imetoka, na zote mbili zinaandikwa. Si yeye aliyebuni, yeye alieleza tu kile wafanyabiashara walichokuwa wanafanya tayari. Programu nyingi za uhasibu za leo bado zinafuata njia hiyo hiyo.

Shida ya karatasi ni moja: ukibadilisha namba moja, zote zinazoitegemea zinaharibika. Bei ya mafuta ikipanda, unafuta, unajumlisha upya, unafuta tena. Mwaka 1978 mwanafunzi wa biashara huko Harvard, Marekani, jina lake Dan Bricklin, aliwaza kuhusu hiyo shida akiwa darasani. Mwalimu akibadilisha namba moja ubaoni, inabidi afute nyingine nyingi na kuandika upya. Bricklin akajiuliza, kwa nini ubao wenyewe usihesabu? Rafiki yake Bob Frankston ndiye aliyeandika programu yenyewe. Mwaka 1979 ikaanza kuuzwa kwa jina la VisiCalc, kwenye kompyuta ya Apple II. Hiyo ndiyo lahajedwali iliyofungua njia kwenye kompyuta ndogo: ukurasa wa vyumba vyumba, unabadilisha chumba kimoja na vingine vinajihesabu.

Apple II ilitoka 1977 kwa dola 1,298, na VisiCalc mwanzoni ilikuwa kama dola 100. Hata hivyo kuna watu walionunua kompyuta nzima kwa ajili ya hiyo programu moja tu. Baadaye ikaja Lotus 1-2-3 mwaka 1983, halafu Excel mwaka 1985. Mwaka 2006 Google wakaleta lahajedwali ya kwenye intaneti, ambayo leo unaweza kuifungua kwenye simu bila kulipa, bora uwe na bando.

Kuna hadithi nyingine ya Marekani inayonifurahisha. Mwaka 1983 Scott Cook na Tom Proulx walianzisha kampuni ya Intuit. Programu yao, Quicken, ilikuwa ya hesabu za nyumbani: bili, hundi, matumizi ya familia. Baadaye wakagundua kwamba wateja wengi wanaitumia kwa biashara zao ndogo. Kwa nini? Kwa sababu programu za uhasibu zilizokuwepo zilitaka uwe mhasibu, na mwenye duka si mhasibu. Ndipo mwaka 1992 wakatoa QuickBooks. Wenye biashara ndogo hawakusubiri kutengenezewa kifaa chao. Walichukua cha nyumbani wakakigeuza.

Lakini hizo zote zilihitaji kompyuta na umeme. Mtu anayeuza nyanya Thika au Kisumu hakuwa na hivyo. Alikuwa na simu ya mulika mwizi. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone, pamoja na shirika la mikopo la Faulu na msaada wa fedha kutoka serikali ya Uingereza, walianza majaribio Nairobi na Thika. Lengo lilikuwa dogo: watu walipe mikopo yao kwa simu. Kumbe watu wakaanza kuitumia kwa mambo mengine. Walitumiana pesa, na wengine waliweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Walioendesha mradi waliliona hilo, wakaacha ule mpango wa kwanza. Tarehe 6 Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya nzima kama huduma ya kutuma pesa. Mwaka 2008 ikafika Tanzania kupitia Vodacom.

WhatsApp nayo iko hivyo hivyo. Ilianza 2009 kwa ajili ya mawasiliano ya kawaida tu. Mmoja wa waanzilishi wake, Jan Koum, alihamia Marekani kutoka Ukraini mwaka 1992 akiwa na miaka 16, yeye na mama yake, na walikuwa wanapokea msaada wa chakula wa serikali. Mwaka 2014, Facebook iliponunua kampuni kwa dola bilioni 19, alienda kusaini karatasi kwenye mlango wa lile jengo ambalo zamani alikuwa anapanga foleni ya msaada. Sisi tunaojua foleni tunaelewa hapo. Watu walipoanza kuuza nguo na vitenge humo, kampuni ikafuata: mwaka 2018 ikatoka WhatsApp Business, na mwaka uliofuata ikaongezwa sehemu ya kupanga bidhaa na bei.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilianzisha Bamba Chakula Kakuma, na baadaye ikafika Dadaab. Sehemu ya mgao ikawa pesa kwenye laini ya simu, ila uliweza kuitumia kununua chakula tu, na kwa wafanyabiashara waliochaguliwa. Mwaka 2018 IFC, ambayo iko chini ya Benki ya Dunia, ilitoa ripoti kuhusu Kakuma kama soko. Ilikuta biashara zaidi ya 2,000, na soko la kama dola milioni 56 kwa mwaka. Hiyo si pesa ya mchezo, na nyingi inapita kwenye madaftari na kwenye vichwa vya watu.

Hapa ndipo jambo linapouma. Mwaka 2012 Kenya ilipata M-Shwari, mkopo wa kwenye simu, ambapo historia yako ya kutumia simu inasaidia kuamua utakopeshwa kiasi gani. Yaani rekodi imekuwa dhamana. Wengi wetu hatuna shamba wala hati ya nyumba, rekodi ndiyo mali tuliyo nayo. Lakini laini inataka kitambulisho, na kuna ndugu zetu ambao karatasi zao zimechelewa miaka. Wanatumia laini iliyoandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Dada anauza miaka mitano, pesa inaingia kila siku, na mtandao unamhesabia mtu mwingine hiyo kazi yote. Siku wakikosana, au huyo mtu akihama, laini imeenda, na miaka mitano imeenda nayo.

Kwa hiyo ndugu wa mashirika, mkija kutufundisha programu, tunashukuru. Ila darasa la Excel bila kushughulikia kitambulisho ni nusu ya kazi. Tusaidieni kufuatilia karatasi pia.

Na sisi wenyewe tuna ya kufanya. Mwenye simu ya mulika mwizi aandike daftari kila jioni: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, nani anadaiwa. Pesa ya duka na ya nyumbani visichanganywe. Mwenye simu janja ahamishie hesabu kwenye lahajedwali mara moja kwa wiki. Ihifadhiwe kwenye akaunti ya jina lake mwenyewe, ili simu ikiibiwa hesabu ibaki. Anayeuza nguo au chakula ajaribu WhatsApp Business, aweke picha na bei. Programu ya kulipia ije baadaye, biashara ikishakuwa na wafanyakazi.

Wale wa Venice, wale wa Quicken, wale wa Thika, wote walianza na walichokuwa nacho mkononi. Wewe unaandika wapi hesabu zako saa hizi? Na laini unayopokelea pesa iko kwa jina la nani? Tuambiane hapa chini, na kama kuna mtu amefanikiwa kubadilisha laini ikawa kwa jina lake, aeleze alipitia hatua gani, wengine wafuate.