Wakili wa mwajiri: kazi yake hasa ni ipi?

Chukulia mhasibu kaiba, ushahidi upo, bosi kakasirika na kumfukuza usiku huohuo kwa meseji ya WhatsApp. Kesi hii mwajiri anaweza kuishindwa.

Hapo ndipo wakili wa waajiri anapopata kazi. Na mara nyingi anaitwa akiwa amechelewa.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: sababu halali na utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha uko kwake, si kwa mfanyakazi. Ndiyo maana kwenye kesi ya kuachishwa kazi, upande wa mwajiri ndio unaoanza kutoa ushahidi. Wakili aliyezoea kesi za jinai, ambako mteja wake anaweza kukaa kimya, huku atapata tabu.

Mgogoro unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wengi tunaiita CMA. Mfanyakazi aliyefukuzwa ana siku 30 kuwasilisha malalamiko. Kwanza usuluhishi, watu wakae wapatane. Ikishindikana, mwamuzi anasikiliza mashahidi na kutoa tuzo. Asiyeridhika anaomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, ndani ya wiki sita.

Swali la kwanza la wakili kwa mteja siyo "aliiba kweli?" Ni "barua ya tuhuma iko wapi?" Kisha: alipewa walau saa 48 kujiandaa? Aliruhusiwa kuja na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi? Muhtasari wa kikao cha nidhamu nani alisaini? Kama aliyeleta tuhuma ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, hapo pana shimo.

Faili likiwa tupu, wakili mzuri anamwambia bosi ukweli: lipa, mmalizane kwenye usuluhishi. Bosi wengi hawapendi kusikia hivyo, hasa akiwa na uhakika kaibiwa. Lakini tuzo inaweza kuwa kumrudisha mtu kazini au fidia ya mishahara ya miezi mingi, na huyo wa kupokea ni yuleyule mhasibu.

Njia ya kufika huko: shahada ya sheria, kisha mafunzo ya vitendo pale Law School, Dar es Salaam, halafu kuapishwa na Jaji Mkuu kuwa wakili. Sheria ya kazi yenyewe mtu anaijulia kazini, kwenye vyumba vya CMA.

Je, ni kumkandamiza mnyonge? Wapo wanaoitumia kazi hii hivyo, tusidanganyane. Ila wakili anayemzuia HR asimfukuze mtu bila kumsikiliza anamlinda pia mfanyakazi ambaye hatawahi hata kukutana naye. Kesi ya namna hiyo haifiki CMA, na hakuna anayeihesabu kama ushindi.