Nyaya za Mjomba

Katika sanduku la nyaya la nyumbani kwetu Ilemela hakuna waya hata mmoja wa kabla ya miaka ya 1990. Zimo nyaya za deki, za sabufa, za ving'amuzi, za kompyuta, na chaja za simu ambazo hakuna tena anayezikumbuka. Nilipozihesabu zilifika 63. Za zamani zaidi hazimo. Ni kweli kwamba familia yetu haikuwa na fedha, lakini sababu haiishii hapo. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta, televisheni na vifaa vinavyoambatana navyo. Kwa mtu wa Mwanza wa miaka ile, waya wa televisheni haukuwa na pa kuchomekwa.

Marufuku ile ilikuwa na mantiki yake. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye jaribio la kuendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta lilikwenda mrama, na lilikula fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Televisheni nayo ilihesabiwa kuwa anasa katika nchi iliyokuwa ikijenga Ujamaa. Upande wa pili wa Muungano mambo yalikuwa tofauti: Zanzibar ilizindua televisheni yake ya rangi mwaka 1973. Kwa hiyo kwa takriban miaka 20, Muungano mmoja ulikuwa na watu waliotazama picha za rangi sebuleni na watu waliosikiliza redio tu.

Na redio haikuhitaji nyaya nyingi. Kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilijenga kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na betri za National zikafika hadi kwenye maduka ya vijiji vya kando ya ziwa. Bibi yangu anasema redio yao ilikuwa na nyaya mbili. Mmoja ulikuwa wa antena, uliorushwa juu ya mwembe. Wa pili ulikuwa kipande kifupi cha kuunganisha betri za ziada nje ya redio, pale zile za ndani zilipochoka na kuanikwa juani hakukusaidia tena. Nyaya hizo hazikuwa na sanduku, kwa sababu hazikuwahi kukaa bila kazi.

Sanduku la nyaya, basi, ni kitu kipya katika nyumba zetu. Limezaliwa na enzi ya ruksa. Katika miaka ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kuanzia 1985 hadi 1995, milango ya biashara ilifunguliwa kidogo kidogo. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu watu binafsi kurusha matangazo, na mwaka 1994 vituo vya kwanza vya televisheni Tanzania Bara vikaanza Dar es Salaam. Mwanza ikapata Radio Free Africa, kisha Star TV, sauti na picha zilizotoka hapa hapa Kanda ya Ziwa. Bidhaa za umeme zikaanza kuingia, mpya na mitumba, na kila kilichoingia kilikuja na mkia wake.

Mwaka jana mama aliniambia nilipange sanduku hilo, kwa kuwa kutoa waya mmoja kulimaanisha kuvuta mingine minane. Nilianza kama angeanza mtu yeyote: kwa umbo la kichwa. Vichwa vya duara vya rangi upande huu, USB upande ule, vya pini nyembamba peke yake. Mama akaja, akatazama kidogo, akaokota fungu moja lililofungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na kulirudisha kando.

"Hizi usichanganye. Ni za kaka yangu."

Wanaosomea utunzaji wa nyaraka hufundishwa kanuni mbili mapema kabisa. Ya kwanza ni kutochanganya nyaraka zenye asili tofauti. Ya pili ni kutovuruga mpangilio aliouacha mwenye nyaraka, hata ukionekana wa ovyo, kwa sababu mpangilio wenyewe ni ushahidi. Mama hajasoma somo hilo, lakini alikuwa akilitetea. Ukipanga nyaya kwa vichwa vyake, unapata historia ya viwanda vya mbali. Ukizipanga kwa wenyewe, unapata historia ya nyumba. Zote mbili ni za kweli, ila sanduku moja haliwezi kupangwa kwa namna zote mbili kwa wakati mmoja.

Historia ya vichwa ina utamu wake. Kile kichwa cha duara chenye shina katikati, tunachokiona nyuma ya deki na sabufa, kina jina la RCA, yaani Radio Corporation of America. Kampuni hiyo ilikitumia tangu miaka ya 1930 kuunganisha gramafoni na redio. Rangi zake zimekuwa lugha isiyohitaji shule: nyekundu ni sauti ya kulia, nyeupe ni ya kushoto, njano ni picha. Kichwa cha visikilizio cha milimita 3.5 ni mjukuu wa kile kinene cha milimita 6.35 kilichochomekwa na kuchomolewa na wahudumu wa mitambo ya simu mwishoni mwa karne ya 19. Waya wa VGA, wenye kichwa cha bluu na pini 15, ulitoka na kompyuta za IBM mwaka 1987, wakati hapa kwetu kompyuta bado ilikuwa kitu cha kuombewa kibali. USB ilikuja mwaka 1996, HDMI mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika orodha hiyo hakuna uamuzi hata mmoja uliofanyika Afrika Mashariki. Sisi tulipokea vichwa. Matundu ya kuvichomeka tulijitafutia wenyewe.

Ndiyo maana fungu la mjomba lina thamani. Mjomba aliendesha kibanda cha video Pasiansi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Fungu lake lina waya wa RCA wa mita 10, mrefu kuliko unaouzwa na deki yoyote. Ukitazama vizuri utaona ni nyaya kadhaa zilizolehemiwa na fundi redio, kila kiungo kimefunikwa kwa utepe mweusi. Urefu ule una maelezo. Deki ilikaa chumba cha nyuma, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, na televisheni ilikaa mbele juu ya meza ndefu. Mwizi angeweza kubeba kimoja tu, na watazamaji wasingeweza kuigusa deki kurudisha nyuma sehemu waliyoipenda. Ndani ya kibanda kile filamu za Hong Kong na Nigeria zilizungumza Kiswahili kwa sauti ya Lufufu, na watoto waliokosa nauli ya kwenda mjini waliiona dunia kutoka kwenye benchi la mbao.

Waya mwingine katika fungu hilo una uzi mwekundu wa nyavu uliofungwa mara tatu karibu na kichwa. Nilidhani ni pambo. Nilipompigia simu mjomba, ambaye sasa yuko Geita, alicheka.

"Huo ni wa siku za mpira, mjomba. King'amuzi hakikuwa changu. Nilikikodi kwa jirani mwenye duka kila Jumamosi, na waya wake. Uzi ule ulikuwa wa kujua cha nani kinarudi kwa nani."

Uzi ule ulikuwa mkataba. Haukuandikwa popote na hakuna ofisi itakayoutunza, lakini unaeleza jinsi kibanda cha video kilivyosimama: picha ya mtu mmoja, dishi la mwingine, benchi za wa tatu, na wateja waliojua ratiba ya ligi ya Uingereza kuliko ratiba ya mabasi. Ningezipanga nyaya zote za RCA pamoja, uzi ule ungebaki uzi tu.

Tarehe nyingine za nchi nazo zimo sandukuni, kwa wanaojua kuzisoma. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia usiku wa 31 Desemba 2012 jijini Dar es Salaam, na Mwanza ikafikiwa mapema mwaka 2013. Televisheni iliyokuwa ikipata picha kwa antena ya mabati juu ya paa ikawa kioo kitupu bila king'amuzi. Antena iliondolewa, lakini waya wake mnene mweusi haukutupwa: uliingia sandukuni, na leo ndio kamba ya kuanikia nguo uani. Nyaya za RCA, ambazo wengi walidhani zimekwisha kazi pamoja na deki, zikapata ajira mpya ya kuunganisha king'amuzi na televisheni ya zamani. Zilidumu miaka kadhaa hadi HDMI ilipozipokea.

Kwenye chaja kuna kaburi kubwa zaidi. Kuna pini kubwa na pini ndogo za Nokia, na kuna kobe, ile chaja ya kubana betri iliyoliwaza taifa zima la simu zenye betri za kutoa. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima, na simu mbili za nyumbani kwetu zikanyamaza siku moja. Simu zilitupwa, chaja zikabaki, maana chaja haina namba ya kuzimwa. Upande mwingine wa dunia Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya chaja ya aina moja, na tangu 28 Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa huko lazima zitumie USB-C. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya Makoroboi, lakini itafika Makoroboi, kwa kuwa viwanda havipendi kutengeneza simu za aina mbili. Baada ya miaka 10, tabaka la juu la masanduku yetu litakuwa la vichwa vinavyofanana.

Swali gumu ni la kutupa. Waya mbovu ni shaba, au kopa kama wasemavyo wanunuzi wa vyuma chakavu, na kopa ina bei. Njia ya haraka ya kuitoa ni kuuchoma waya hadi plastiki iishe. Ukipita jioni karibu na dampo lolote utaiona mioto hiyo midogo ya moshi mweusi, na mara nyingi wanaoisimamia ni watoto. Plastiki ya PVC ikiungua hutoa moshi wenye sumu, zikiwamo dioksini, na majivu yake hubaki ardhini hadi mvua iyapeleke mtoni, na mto uyapeleke ziwani. Kwa hiyo kuutupa waya hovyo ni kumkabidhi mtoto usiyemjua kazi ya kuuchoma. Mafundi redio ni mahali pazuri zaidi pa kuupeleka: wao hukata kichwa kizima na kukiunga kwenye waya mwingine, kama fundi yule alivyofanya kwa mita 10 za mjomba.

Mwishowe tulikubaliana na mama kutenga makundi matatu. La kwanza ni nyaya zinazofanya kazi leo, kila mmoja umekunjwa kwa duara legevu, maana kuuzungusha kwenye kiwiko hupinda nyuzi za ndani hadi zikatike. Zimefungwa kwa vipande vya tyubu na kuandikwa jina la kifaa kwenye plasta. La pili ni za akiba: mmoja wa kila aina, usiozidi, pamoja na nyaya mbili za umeme zenye kichwa cha matundu matatu, kwa sababu waya huo huo huwasha kompyuta, printa na jiko la wali, na ndio huazimwa na majirani bila kurudi. Ziada za makundi hayo mawili, nyaya 31, zilikwenda kwa fundi Kirumba.

Kundi la tatu halina kazi yoyote. Nilijaribu kumweleza mama kwamba nyaya hizo hazitachomekwa tena popote. Televisheni nyingi mpya hazina hata matundu yake, sabufa za sasa zinapokea muziki kwa bluetooth, na vitu vya kesho havitaacha mkia wowote wa kufungia uzi. Akasema hiyo ndiyo sababu ya kuziweka. Nimeliandikia plasta fungu hilo kama ambavyo ningeandika jalada la nyaraka: mwenye nyaya, mahali, miaka. Chini yake mama akaongeza kwa kalamu yake, kwa herufi kubwa, neno moja: ZITADAIWA.